Sentensi iliyoiharibu Wings for This Man

Filamu nzima ya Wings for This Man inaangushwa na sentensi moja, na utetezi wake wote niliousikia haujaniingia akilini. Kwa dakika kama kumi tunawatazama vijana weusi wa Tuskegee, Alabama, wakifunzwa urubani wa kivita. Mara sauti ya Ronald Reagan inatuambia kuwa pale uwanjani mtu hapimwi kwa rangi ya macho yake wala umbo la pua yake, bali kwa anavyoruka. Macho? Pua? Nani aliwahi kunyimwa ndege Marekani kwa sababu ya rangi ya macho? Walinyimwa kwa sababu ya ngozi, na ngozi hiyo imejaa kwenye kioo tangu mwanzo. Picha inasema kweli, msimulizi anaikimbia.

Wala haikuwa bahati mbaya. Filamu ni ya 1945, kazi ya kitengo cha filamu cha jeshi la anga lenyewe. Aprili mwaka huohuo, Freeman Field, Indiana, ambako kikosi cha mabomu cha 477 kilikuwa mafunzoni, jeshi hilohilo liliwaweka chini ya ulinzi maofisa weusi 101 waliokataa kutia saini kanuni ya kuwatenga na klabu ya maofisa weupe. Aliyeandika masimulizi ndani ya jeshi la namna hiyo alijua ni neno gani analiruka.

Picha za ndege ni safi, sina neno.

Nimeshasema na narudia: masimulizi yakiiogopa picha, yanyamaze. Mwongozaji John Boulting alilijua hilo. Katika Journey Together, ya 1945 pia, kijana anayeigizwa na Richard Attenborough anashindwa kukadiria kimo wakati wa kutua, anaondolewa kwenye urubani na kupelekwa kuwa mwongoza njia, ananuna, na tunamwona akinuna. Kushindwa hakukufichwa. Lakini William Sellers wa Colonial Film Unit, kitengo cha Waingereza cha filamu za makoloni, alitudharau sisi watazamaji, akiamini Mwafrika hafuati filamu isipoenda polepole. Sijamsamehe.

Huku Tarime, ambako King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, lilichukua vijana wengi wa Kikurya, mtazamaji hahitaji kuzungushwa. Marehemu Lufufu, mtafsiri wa filamu, angelitaja jambo kwa jina lake, na kibanda umiza kizima kingemwelewa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye vibanda hapa Matongo: mkiionyesha Wings for This Man, zimeni sauti kwenye sentensi ile, mtafsiri aseme “rangi ya ngozi”.