Kriki ya Skrubu Haishuki Bila Ruhusa

Magari yanayopita kati ya Butembo na Beni yanazeeka upesi. Mengine hubeba mizigo iliyoshushwa bandarini Mombasa na kuingia nchini Kongo kupitia mpaka wa Kasindi. Yakipata matope ya milimani, springi na bushi hulipa gharama. Ndiyo maana garaji za uani hazikosi kazi, na chombo ninachokithamini kuliko vyote humo ni kriki ya zamani, jeki ya skrubu.

Itazame ikifanya kazi. Fundi hulegeza nati za gurudumu kwanza, gari likiwa bado limekaa chini, kisha huweka kabari kwenye magurudumu mengine. Udongo mwekundu wa huku ukilowa hauna uaminifu, kwa hiyo ubao mnene hutangulia chini ya kriki. Ndipo nondo inaingizwa tunduni na skrubu inaanza kuzunguka, taratibu, gari likipanda kwa milimita chache kila mzunguko.

Wasio na subira huikimbia kwa ajili ya mwendo huo wa taratibu. Mimi naipendea huohuo. Meno ya skrubu yamelala karibu usawa, na zaidi ya nusu ya nguvu ya fundi huliwa na msuguano. Lakini msuguano huo ndio unaozuia skrubu kujirudisha: fundi akiachia nondo, gari linabaki pale pale. Hakuna mpira wa kupasuka wala mafuta ya kuvuja.

Kriki ya mafuta ina utukufu wake, nakiri. Mwaka 1858 jeki za namna hiyo, kazi ya ndugu wa Tangye wa Birmingham, zilisaidia kuisukuma meli Great Eastern hadi majini kule London, baada ya meli hiyo kugoma kwa karibu miezi mitatu. Hesabu yake ni nzuri: pistoni ndogo ya milimita 10 ikisukuma mafuta chini ya pistoni ya milimita 40, nguvu huongezeka mara 16, mpini ukiizidisha mara 20 tena, mkono unaokandamiza kwa kilo 20 unabeba zaidi ya tani 6, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Ila chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya gololi ya vali, gari huanza kushuka polepole.

Hata hapo, zile za mafuta za kale zina heshima: zinafunguka. Fundi huziosha kwa mazutu, hukagua gololi, na ikiwa pistoni inazibwa kwa kikombe cha ngozi, hukata ngozi mpya, huiloweka kwenye mafuta na kuifinyanga hadi ikae. Hamimini mafuta ya breki, kwa maana yanaharibu mipira mingi ya kriki. Na haingii uvunguni kabla ya kupanga magogo ya mikaratusi chini ya ekseli, hata kriki iwe ya aina gani.

Ndugu msomaji, kama kriki ya skrubu ya mzee wako imelala stoo, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu aipime kwa kilo. Isugue kutu, kagua meno yake, na kama hayajalika wala mwili haujapasuka, ipake grisi uirudishe kazini.