Dizeli Inayogoma Kuwaka Alfajiri

Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta huwaka kwa sababu hewa iliyobanwa ndani ya silinda imepata joto la kutosha kuyawasha. Chochote kinachopunguza joto hilo huchelewesha kuwaka: ubaridi wa chuma kilicholala nje usiku kucha, starta inayozungusha polepole na kuipa hewa muda wa kuvuja kando ya ringi, na wepesi wa hewa yenyewe. Mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mambo hayo matatu hukutana kila mwaka mwezi Juni na Julai. Alfajiri joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Ndiyo maana pikapu iliyokuwa ikiwaka vizuri Dar es Salaam huanza kugoma ikishapandishwa Nyanda za Juu Kusini, na mnunuzi akaona ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mfano mzuri ni Toyota Hilux yenye injini ya 3L, ya lita 2.8 na silinda 4. Nozeli zake hazinyunyizi mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, bali ndani ya chemba ndogo iliyo kwenye silinda hedi. Kuta za chemba hiyo hunyonya joto, na kukiwa na baridi mafuta hayawaki bila msaada wa plagi za hita, moja kwa kila silinda, ambazo ncha zake huiva kwa umeme wa betri kabla ya kupiga starta.

Sharti la kwanza la uchunguzi ni injini iwe baridi kweli. Gari likifika gereji saa nne asubuhi limeshatembea, huwaka kwa kuguswa tu, na fundi hubaki kubahatisha vipuri. Likiwa baridi, dalili mbili zinatosha kuonyesha njia: mlio wa starta na moshi wa bomba.

Starta ikizunguka kwa uvivu, tatizo ni la umeme au la oili, na plagi hazina haja ya kuguswa kwanza. Betri ya risasi na asidi hupoteza karibu theluthi ya nguvu yake ya kuzungusha injini joto likikaribia sifuri. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji. Wakati wa kupiga starta isishuke sana chini ya 10. Ikiwa betri ni nzima na starta bado nzito, mita iwekwe kati ya nguzo hasi ya betri na mwili wa injini huku starta ikipigwa: ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa athi umeoza au haujakazwa. Oili nayo ina lawama yake. 20W-50 iliyozoeleka pwani huwa nzito zaidi alfajiri ya Njombe. 15W-40 huiachia injini izunguke kwa wepesi zaidi.

Starta ikizunguka kwa kasi na bomba likatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta yanafika lakini hayawaki. Hapo ndipo plagi za hita hushukiwa, na hapo ndipo wengi hudanganywa na taa ya dashibodi. Katika magari ya umri huu taa hiyo hufuata muda tu. Huwaka na kuzimika kama kawaida hata kama plagi zote 4 zimekufa. Kipimo cha kweli ni kwenye plagi zenyewe. Ufunguo ukiwashwa, ubamba wa chuma unaoziunganisha uwe na volti zinazokaribia za betri. Usipokuwa na umeme, kosa liko kwenye rilei, fyuzi au waya. Kisha ufunguo uzimwe, ubamba ufunguliwe, na kila plagi ipimwe peke yake. Nzima huonyesha omu 1 au pungufu yake, iliyoungua haipitishi kitu. Asiye na mita atumie taa ya kupimia: upande mmoja kwenye nguzo chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha plagi. Taa isipowaka, plagi imekufa. Ikifa moja, injini hushika ikitetemeka. Zikifa mbili au zaidi, starta hupigwa mpaka betri ichoke.

Kuzifungua kunataka subira. Plagi iliyokaa miaka hukamatwa na masizi, na ikilazimishwa hukatikia ndani ya silinda hedi. Ifunguliwe injini ikiwa na uvuguvugu, baada ya kumwagiwa mafuta ya kulainisha kutu. Ncha iliyovimba au kuyeyuka huashiria nozeli inayochuruzisha badala ya kunyunyiza. Kubadilisha plagi pekee hapo ni kununua nyingine ya kuungua. Volti pia zilinganishwe, kwani Toyota za zamani zilitumia plagi za aina tofauti, nyingine za volti 6, na kufunga za volti zisizolingana na gari huziunguza upesi.

Bomba lisipotoa moshi wowote, mafuta hayafiki. Mara nyingi hewa imepenya kwenye mpira uliopasuka au filta isiyobana, na dizeli imerudi kwenye tanki usiku. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta ikisukumwa mpaka iwe ngumu, kisha injini ikashika papo hapo, uvujaji umethibitika.

Plagi zikiwa nzima, starta ina kasi na moshi mweupe bado upo, inabaki kupima mbano wa silinda kupitia matundu ya plagi. Ukiwa hafifu, huenda ringi zimechoka, nazo hazina dawa ya bei nafuu.

Njia za mkato ziepukwe. Kuwasha makaa chini ya injini ili kuipasha ni kualika moto kwenye oili na mafuta yaliyovuja. Kupuliza etha kwenye njia ya hewa ni hatari zaidi: ikikutana na plagi zilizoiva hulipuka kabla ya wakati wake na inaweza kuvunja pistoni. Gari linalogoma alfajiri lipelekwe gereji jioni, lilale huko, na fundi alipigie starta mwenyewe kukipambazuka, kabla ya kununuliwa kipuri chochote.