Sauti ya Kitukuu: Albamu ya Kwanza ya Siti Muharam

Si jambo jepesi kwa mwimbaji kuingia uwanjani kwa nyimbo ambazo wazee wamekwisha kuzisikia kwa sauti ya mwingine. Huko Bengal, anayeanza kwa nyimbo za Rabindranath Tagore hupimwa papo hapo, kwani Tagore alitunga nyimbo zaidi ya 2,000, nyingi zikaandikiwa alama za muziki, na chuo chake cha Visva-Bharati kiliilinda namna ya kuziimba hadi haki za utunzi zilipokwisha mwaka 2001. Mzigo wa namna hiyo alijitwika Siti Muharam wa Zanzibar mwaka 2020, ilipotolewa albamu yake ya kwanza, *Siti of Unguja*, na kampuni ya On the Corner ya London. Nyimbo ni za Siti binti Saad, naye Siti Muharam ni kitukuu wake.

Wasomaji wetu wanamjua Siti binti Saad (1880–1950) hasa kwa wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert. Alizaliwa Fumba, akafika mjini akiwa fukara. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye na wenzake waliipa ulimi wa Kiswahili, na mwaka 1928 wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi. Santuri za siku zile zilichukua kiasi cha dakika tatu tu kila upande. Basi urithi huu, tofauti na ule wa Bengal, ulipita zaidi midomoni mwa watu na katika santuri hizo fupi.

Kitukuu hakujaribu kuiga sauti ya mkongwe, na hapo ndipo tunapompongeza kwanza. Anaimba kwa utulivu, bila kukimbilia mapambo, nayo maneno yanapata nafasi ya kupumua. Uongozi wa muziki ulikuwa mikononi mwa Mohamed Issa Matona, mpiga udi na fidla anayeijua taarabu kutoka ndani. Ala za asili hazikugeuzwa kuwa pambo la watalii.

Tuchukue mfano wa *Kijiti*. Ni wimbo wa tukio la kweli: mwanamke mgeni aliuawa Unguja, muuaji akakimbilia Dar es Salaam, na waliotoa ushahidi wakawa ndio walioadhibiwa. Siti binti Saad aliuimba kama mtu anayetangaza habari za jirani yake, na baadaye Bi Kidude akaurithi. Siti Muharam anauimba kama mtu anayekumbuka. Hasira imepungua, huzuni imezidi. Wako watakaosema kwamba wimbo umepunguziwa makali; sisi twaona kwamba baada ya miaka mingi huzuni hiyo nayo ni ushahidi.

Lakini hatutaficha ila. Watengenezaji wamependa mno mwangwi na vishindo vizito vya mashine. Mahali pengine mwisho wa mshororo unazama, na mwisho wa mshororo ndiko kilikokaa kina. Msikilizaji wa London asiyejua lugha hapotezi kitu. Mwanafunzi wa Kiswahili anapoteza kile hasa alichokifuata. Taarabu ni shairi kabla ya kuwa muziki, na anayefunika vina ameifunika nyumba mlango.

Kwa nini basi tulijadili jambo hili hapa Bugembe, mbali na pwani? Kwa sababu Katiba ya Uganda ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini amri haiwezi kuifanya lugha ipendwe. Watu wengi wa Busoga walikisikia Kiswahili kwanza mdomoni mwa askari, katika miaka ya hofu. Mtoto anayefundishwa ngeli tupu hatajua kwamba lugha hiyohiyo ilimlilia mwanamke aliyedhulumiwa, ikamsuta hakimu.

Tunawashauri walimu wautumie wimbo mmoja darasani: kwanza maneno yasomwe kwa sauti bila muziki, vina vitafutwe na wanafunzi wenyewe, kisha albamu ipigwe. Masikio yatakapokwisha kujua kinachosemwa, mwangwi hautawashinda. Siti Muharam ameanza vyema. Tunangoja albamu ya pili, na tunaomba safari hiyo maneno yawe mbele.