Gofu Lina Mwenyewe, Kibanda Hakina

Ukitembelea magofu ya mashamba ya watumwa, utakuta nyumba ya bwana ndiyo iliyobaki. Ya mtumwa haipo. Kule visiwa vya Karibi, kwenye mashamba ya miwa, kinachosimama hadi leo ni jumba la mwenye shamba, kinu cha upepo kilichokamua miwa, na bomba la moshi la mtambo wa sukari. Wakataji miwa walilala vibandani, na vibanda vilisharudi kuwa udongo. Kwetu ni vilevile, ila mahali pa miwa weka karafuu.

Chukua Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Hapo palikuwa na kasri ya Seyyid Said, mtawala aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Oman, na ambaye enzi yake karafuu ilitapakaa kisiwani kwa jasho la watumwa. Nilipokwenda nilioneshwa mabaki ya hamamu, nikasimuliwa habari za Binti Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinauelezea ua ule pamoja na tausi na paa waliozurura humo. Ni kitabu kitamu, sikatai. Lakini subiri ufike anapozungumzia utumwa: anautetea. Basi gofu na kitabu vinasema kwa mdomo mmoja, na mdomo wenyewe ni wa mwenye nyumba.

Naandika haya nikiwa Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako habari ya mjini ni bei ya migebuka na dagaa. Mtoni ni mbali. Ila mikono iliyochuma karafuu zile ilitoka bara, mingine huku kwetu kwenye maziwa, ikapitishwa Tabora hadi pwani. Kwa hiyo gofu lile linatuhusu, ingawa halina hata jiwe moja lenye jina la mtu wetu. Sasa nani atakisimamisha kibanda? Mimi nasema fasihi. Na hapo ndipo tunapaswa kuwa wakali, maana si kila riwaya inayoiweza kazi hiyo.

Adam Shafi aliijaribu katika *Kasri ya Mwinyi Fuad*, iliyotoka mwaka 1978. Utumwa ulishafutwa Unguja mwaka 1897, lakini katika riwaya hii, inayoanza kabla ya Mapinduzi ya 1964, mtumishi mkongwe wa kasri bado anaitwa Kijakazi. Litazame jina hilo vizuri. Mjakazi ni mtumwa wa kike. Ukiongeza ki- umemdogosha tena. Katika neno moja Shafi ametuonesha kwamba sheria ilipita mlangoni bila kuingia ndani. Hilo pekee linatosha kukipa kitabu heshima yake, maana kasri tunaiona kutoka upande wa anayeifagia.

Tatizo langu ni jinsi kitabu kinavyomfikiria. Kijakazi anampenda bwana wake, na penzi hilo linachukuliwa kama usingizi: Mapinduzi yanakuja kumwamsha. Mwandishi ana haraka ya kufika asubuhi. Tunaelezwa sana kwamba Kijakazi alilala, tunaelezwa kidogo alichokuwa akikiwaza. Kwani mtu anaweza kuishi miaka yote hiyo ndani ya nyumba ya mwingine bila kuwa na fikra zake, hata zile asizozisema?

Abdulrazak Gurnah anaanzia hapohapo. Riwaya yake *Paradise* ya mwaka 1994 tumeipata kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anakaa kwa tajiri mwenye bustani nzuri ajabu. Mtunza bustani ni Mzee Hamdani, mtumwa aliyetolewa zawadi ya harusi kwa bibi wa nyumba. Sheria ilipobadilika, bibi alimpa uhuru, mzee akakataa. Msomaji wa haraka atamwita Kijakazi mwingine. Siyo. Hamdani ana hoja: uhuru haukuwa mali ya bibi, sasa angemgawiaje? Mtu huyu hajalala hata kidogo. Bustani ni ya tajiri kwa hati, lakini ukifunga kitabu unaikumbuka kama ya Hamdani. Kwangu mimi, hicho ndicho kibanda kilichosimamishwa upya.

Na huku kwetu? Jirani yetu ni Karema, ambako mwaka 1879 Mbelgiji Cambier alijenga ngome, ikakabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers mwaka 1885. Nako nimefika: mgeni huanza kusimuliwa makapteni. Mimi ningeanza na Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre hao, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Akatibu watu hapa hadi alipofariki mwaka 1956. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, yakachapishwa kwa Kiingereza katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1946.

Mary Prince, aliyewahi kuwa mtumwa kule Karibi, alisimulia yake London, yakatoka mwaka 1831, na leo si rahisi kuzungumzia mashamba yale bila kumtaja. Masimulizi ya Atiman yana walakini wake, kwa kuwa anayesema ni mtu wa misheni na shukrani zake ni nyingi. Mary Prince naye aliandikiwa na watu waliokuwa na kampeni yao. Tunawasoma hivyohivyo, kwa jicho kali, kwa sababu bila wao tunabaki na kuta.

Ushauri wangu kwa walimu wanaopeleka wanafunzi kwenye magofu, yawe ya Mtoni au ya Karema, ni mdogo tu: kabla ya kuuliza nani alijenga, someni kwanza kurasa za Hamdani. Halafu waulizeni watoto ni nani aliyebeba mawe.