Ramani ya Tunguu: Inavyochorwa na Inapopotoka

Mvua za kwanza za masika zinapoipiga ardhi kavu, Scadoxus multiflorus husukuma bua moja lenye kichwa chekundu cha mviringo, mara nyingi kabla majani hayajakunjuka. Baada ya muda mfupi ua hunyauka. Kiangazi kikirudi, majani nayo hufa na kinachobaki ni tunguu ardhini. Mmea huu umeenea kutoka Senegali hadi Afrika Kusini, na hata Yemeni upo. Wachora ramani wanauliza: kwa tabianchi iliyopo, unaweza kuishi wapi? Sindo, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, unaonyesha kwa nini jibu halipatikani kirahisi.

Malighafi ni mbili: mahali ambapo mmea umewahi kukusanywa, na takwimu za hali ya hewa za mahali hapo. Sampuli zilizokaushwa zimo katika Hebariamu ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, na rekodi za dunia nzima huunganishwa na mtandao wa GBIF wenye makao yake Copenhagen. Kwanza lazima zisafishwe. Kabla ya 1976, Ib Friis na Inger Nordal walipoitenga jenasi ya Scadoxus, mmea huu ulijulikana kama Haemanthus multiflorus. Anayetafuta kwa jina jipya peke yake anaweza kuzikosa karatasi za wakusanyaji wa zamani. Tena lebo nyingi za kale zina jina la kijiji tu, na latitudo na longitudo zimekadiriwa baadaye. Kwenye tambarare, kukosea kilomita tano si neno. Huko Sindo ni neno kubwa: ziwa liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Gwassi vilivyo nyuma ya mji hupita mita 2,000. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kosa hilo dogo laweza kulitumbukiza ua ziwani au kulipandisha kwenye baridi lisiyoijua.

Takwimu za tabianchi mara nyingi hutoka kwenye hifadhidata ya WorldClim: vigezo 19 katika miraba ya kilomita moja hivi, vikitoa wastani wa 1970 hadi 2000. Kadhaa kati yake hupima robo ya mwaka, yaani miezi mitatu mfululizo yenye mvua nyingi kuliko mingine, au iliyo mikavu zaidi. Lakini eneo la ziwa lina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Robo moja hushika msimu mmoja na kuuacha wa pili. Isitoshe, pale misimu hiyo inapokaribiana kwa wingi wa mvua, mraba mmoja huhesabiwa kwa masika na jirani yake kwa vuli, na ramani hupata ufa ambao ardhini haupo. Ndiyo maana wachambuzi wengi huviondoa vigezo vinavyochanganya joto na mvua za robo. Kwa tunguu, kipimo chenye maana zaidi ni urefu wa ukame kabla ya mvua ya kwanza, na ukali wa mvua hiyo. Takwimu za mvua za CHIRPS, zinazoanzia 1981, zinaruhusu kukikokotoa, ingawa miraba yake ina upana wa kilomita tano hivi.

Kisha programu huingia kazini. Maxent, iliyoelezwa na Steven Phillips, Robert Anderson na Robert Schapire mwaka 2006, hulinganisha hali ya sehemu zenye mmea na hali ya eneo zima, bila kudai orodha ya sehemu usikokuwepo. Hilo linalifaa tunguu, kwa sababu anayepita Januari bila kuliona hajathibitisha kwamba halipo. Hatari ni kwamba wakusanyaji hufuata barabara, na programu ikaachiwa itajifunza tabianchi ya kandokando ya barabara. Dawa iliyopendekezwa na Phillips na wenzake mwaka 2009 ni kuchukua sehemu za kulinganishia kutoka kwa mimea mingine iliyokusanywa kwa njia hizo hizo, ili upendeleo uwe pande zote mbili.

Alama ya ubora iitwayo AUC nayo isomwe kwa tahadhari. 0.5 ni sawa na kubahatisha, na 1 ni ukamilifu. Ukiingiza jangwa la Chalbi katika eneo la kulinganishia, alama hupanda, kwa kuwa kutofautisha Chalbi na Gwassi hakuhitaji akili nyingi. Mtihani wa haki ni kuificha kanda nzima ya ziwa, kuifunza modeli kwa sehemu nyingine, kisha kuitaka itabiri Sindo.

Ramani za miaka ijayo zinahitaji uangalifu zaidi. Modeli nyingi za tabianchi zilitabiri masika yenye mvua zaidi Afrika Mashariki, ilhali vipimo vya tangu miaka ya 1980 vilionyesha masika yakipungua kwa miongo kadhaa. Tunguu linaloamshwa na masika haliwezi kuchorewa mwaka 2070 kwa uhakika wakati ishara inayoliamsha yenyewe ina utata.

Kwa hiyo ramani ya kwanza ipange safari, isipange hifadhi. Imwelekeze mtafiti kupanda kutoka ufukweni hadi Gwassi mvua za Machi zinapoanza, akiandika mwinuko, tarehe na mahali halisi. Rekodi hizo ndizo zitakazoichora upya.