Subaru ya Kilomita 230,000: Tulivyoipima Kabla ya Kulipa

Injini ya Subaru ya EJ20 yenye turbo huuawa na vitu vitatu: oili iliyoachwa ikapungua, petroli isiyoifaa, na fundi aliyepandisha presha ya turbo bila kupima chochote. Kilomita huja nyuma sana. Ndiyo maana mpwa wangu alipopata Impreza WRX mbili za mwaka 2003 hapa Nairobi, moja ya kilomita 118,000 na nyingine ya 230,000 na ushei, nilimwambia tuanze na iliyotembea zaidi. Haikuwa imeguswa: ekzosi ya kiwandani, chujio la hewa la kiwandani, turbo ile ile iliyotoka nayo Japani. Ile ya kwanza ilinguruma hadi mtaa wa pili, na muuzaji wake alijisifia kwamba kompyuta ya injini “imefunguliwa”. Aliifungua nani, na kwa petroli gani? Hakuwa na jibu.

Swali la petroli halikuwa la kumsumbua tu. Injini hizi za soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani karibu 100, nayo petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Oktani ikiwa ndogo, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka yenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio. Kompyuta ya kiwandani huisikia mitikisiko hiyo kupitia sensa iliyofungwa kwenye bloku, ikachelewesha cheche ili kuziokoa pistoni. Anayeongeza presha na kuiwahisha cheche hula akiba hiyo yote. Kinachokatika huwa ni ukingo mwembamba wa pistoni unaoshikilia ringi, na mara nyingi sana ni kwenye silinda ya nne.

Vijana wengi hawataki kusikia haya. Wamekua wakisimuliwa ushindi wa Colin McRae katika Safari Rally ya 1997 na wa Richard Burns mwaka 2000, wote ndani ya Impreza, na wanasahau kwamba magari yale yalikuwa na kikosi kizima cha mafundi.

Mwenye gari la kilomita 230,000 ni mzee mstaafu. Tulimpigia jioni: “Mzee, tafadhali usiliwashe kesho hadi tufike.” Injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi. Tulipofika, kitu cha kwanza kilikuwa kuweka kiganja juu ya injini, ilikuwa baridi. Kijiti cha oili kilionyesha kiwango kizuri. Ilipowashwa ilitoa mlio mwepesi wa tak-tak, ambao ulififia kadiri joto lilivyopanda. Huo ni mchezo wa pistoni baridi ndani ya silinda, na EJ nyingi huishi nao miaka. Tuliogopa mlio mwingine: mzito, unaoongezeka injini ikipata moto, hasa ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 kisha ukaachia. Ule ni wa beringi za konrodi, na ukiusikia, unachonunua ni bodi tu. Hatukuusikia.

Kisha tukapima mgandamizo, kazi ambayo wauzaji huichukia. Silinda zimelala ubavuni, plagi zinatazamana na chasisi, kwa hiyo fundi alilazimika kutoa betri na tangi la maji ya kioo kabla ya kuingiza mkono. Injini ikiwa na moto, plagi zote nje, petroli imekatwa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, geji ilisoma 145, 142, 143 na 138. Ya nne ndiyo ndogo, lakini haijajitenga na wenzake. Ingesoma 110, tungemwaga oili kidogo ndani na kupima tena: namba ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, tafuta valvu au gasketi.

Chujio la oili tulilifungua kwa mkasi wa bati, tukazikunjua karatasi zake juani. Hapakuwa na chembe zinazometameta. Tangi la maji halikutoa mapovu injini ikiwa na moto.

Kasoro zilikuwa chini. Tulizungusha gari polepole uwanjani, usukani umekatwa hadi mwisho, likawa linajikaza na kurukaruka kidogo. Sababu tuliiona kwenye matairi: ya mbele mapya, ya nyuma yameisha. Katika gari linalosukuma magurudumu yote manne, tofauti hiyo huilazimisha difu ya kati ifanye kazi muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka, mpaka iungue. Risiti ya mkanda wa taimingi nayo haikuwepo. Mzee aliapa kuwa ulibadilishwa, nami namwamini, ila mkanda huu una umri wa kilomita 100,000, na ukikatika valvu hukutana na pistoni. Usio na risiti huhesabiwa haujabadilishwa.

Kwa hiyo tuliandika bei ya mzee, tukatoa humo gharama za mkanda pamoja na roli zake na pampu ya maji inayozungushwa nao, difu ya kati, na matairi manne ya aina moja. Alinung'unika, akasoma karatasi, akakubali. Gari la kilomita 118,000 hatukurudi kulitazama: muuzaji alikataa plagi ziguswe.

Spea zilitoka Kirinyaga Road, isipokuwa mkanda, ambao niling'ang'ania ununuliwe kwa wakala mwenye risiti. Oili mpya itamwagwa baada ya kilomita 1,000 na chujio lake likatwe tena. Mpwa wangu ameshaanza kuuliza habari za kuongeza presha. Nimemwambia asubiri nilione chujio hilo kwanza.