Moja Moja

Feni zinazunguka, taa ndogo ya njano imewaka kando ya herufi DRAM, na skrini ni giza tupu. Aliyeunga kompyuta yake mwenyewe nyumbani, kwa vipande alivyonunua mwezi hadi mwezi, anajua moyo unavyodunda wakati huo. Mimi hapo ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko wakati mwingine wowote.

BIOS, jina alilolitoa Gary Kildall mwaka 1975 alipokuwa akiunda mfumo endeshi wa CP/M, ndiyo programu ya kwanza kuamka ndani ya mazabodi. Huikagua prosesa, kisha kumbukumbu, ndipo iiendee kadi ya picha. RAM ikigoma, mashine haina pa kuandikia hata neno moja. Inabaki na taa au mlio, kama mtoto mchanga ambaye kilio ndicho kauli yake.

Fundi mzuri huanza kwa kusikiliza. Kisha huchomoa waya wa umeme, akatoa RAM zote, akarudisha moja. Kwenye mazabodi nyingi za sloti nne, RAM ya pekee hukaa sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na haijakaa mpaka uisikie ikisema ta! Meno yake ya dhahabu yakifanya utando, raba ya penseli huyasafisha. Sisi wa pwani, wenye hewa ya chumvi, raba haikosekani karibu na bisibisi. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo.

Wa kwangu haukuishia hapo. Nilikuwa na RAM mbili za DDR4. Zikiwa pamoja, giza. Kila moja peke yake kwenye sloti ya pili, inawaka. Mwenye haraka angekwenda dukani kununua nyingine. Nikaihamishia ya kwanza sloti ya nne: giza. Ya pili, sloti ileile: giza. Basi RAM hazikuwa na kosa. Nikatoa betri ya CR2032, ile ya volti 3 inayotunza mipangilio, nikangoja dakika kumi ili mazabodi isahau XMP, ile kasi ya ziada ya RAM niliyoipa. Bado giza. Lakini kidhibiti cha kumbukumbu siku hizi kimo ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo njia ya sloti ile ilinirudisha huko. Nikafungua feni ya prosesa, nikaiinua prosesa yenyewe nikitafuta pini iliyopinda. Zote zilikuwa wima. Nikairudisha prosesa na feni yake, safari hii nikizikaza skrubu taratibu, kwa mshazari. RAM zote mbili zikaonekana. Awali nilikuwa nimeielemeza prosesa upande mmoja, na baadhi ya pini zikakosa kugusa.

Ndiyo maana namheshimu mtu anayebadilisha kitu kimoja, akajaribu, akaandika, ndipo aguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo mashine huenda ikawaka, lakini hutajua iliugua nini. Na subira iwepo: mazabodi za DDR5 huweza kukaa gizani dakika kadhaa mara ya kwanza, zikijifunza mwendo wa RAM mpya. Wangapi wamezizima katikati ya somo hilo!

Usiku ule niliiachia MemTest86, programu aliyoianzisha Chris Brady mwaka 1994. Huandika namba kila kona ya kumbukumbu, ikazisoma tena, duru baada ya duru. Adhana ya alfajiri ilinikuta mbele yake. Duru nne, makosa 0. Nikafunga ubavu wa kasha.